Matundu yana kazi kubwa kuliko kupitisha hewa

Nakubaliana na wanaosema kwamba kifunika kidonda kinapaswa kupumua, ila matundu yake yana kazi kubwa zaidi. Huko Boston, Ioannis Yannas wa MIT na daktari mpasuaji John Burke walitengeneza kiunzi chenye matundu cha kufunika vidonda vya watu walioungua vibaya, wakitumia kolajeni ya ng'ombe na kondroitini ya gegedu la papa. Mchanganyiko hugandishwa, kisha barafu huondolewa ikiwa mvuke. Palipokuwa na chembe ya barafu panabaki tundu. Matundu yakiwa madogo mno, seli haziingii. Yakiwa makubwa mno, zinakosa pa kujishikiza. Humo mwili hujenga tabaka jipya la ngozi ya ndani na mishipa ya damu, huku kiunzi kikimeng'enywa taratibu. Marekani ilikiidhinisha mwaka 1996.

Mimi ni muuguzi, na kinachoniumiza ni shashi kavu iliyogandamana na kidonda, inayong'oa nyama changa kila inapobadilishwa. Watoto hulia hata kabla hujawagusa. Bei ya viunzi hivi ni kubwa mno kwa wodi nyingi, kwa hiyo watafiti wetu waanze na kifunika cha bei nafuu kinachotunza unyevu na kubanduka bila kuumiza.