"Njoo Kesho" Nayo ni Maradhi

Wananchi wa Kizota, mjini Dodoma, kama wenzao wa miji mingine mingi nchini, huiita "kausha damu" ile mikopo inayotolewa upesi na kudaiwa kwa riba kubwa kila wiki. Jina hilo limezuka mitaani. Halikutungwa na mtaalamu wa uchumi wala wa tiba. Hata hivyo lina ukweli ambao wataalamu hao wote wawili hawana budi kuukubali, ya kwamba deni, hofu na unyonge haviishii katika fikira za mtu, bali huingia katika damu yake, moyo wake na usingizi wake.

Kizota ni mahali panapofaa kulitafakari jambo hili. Hapo ndipo ulipo ukumbi ambamo Mkutano Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi ulifanyika Novemba 2012, na hapo ndipo yalipo maghala ya akiba ya nafaka ya Taifa. Wapo wachukuzi wa magunia, mama lishe, mafundi na makarani. Wengi wao wametoka vijijini, katika nchi ambayo mvua zake huja msimu mmoja tu wa mwaka na mara nyingine hukatika mtama ukiwa magotini. Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa ukamilifu, na mji ukafanywa Jiji mwaka 2018, watu wameongezeka na mashindano ya kutafuta riziki yameongezeka pamoja nao.

Mtu anayetoka kazini usiku akakutana na fisi njiani hahitaji kufundishwa la kufanya. Ubongo hutoa amri, na tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi hupanda, ini hutoa sukari ili misuli ipate nguvu. Muda si mrefu hufuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo huuweka mwili katika hali ya tahadhari. Huo si ugonjwa, bali ni ulinzi, na fisi akienda zake mwili hutulia. Lakini mkopeshaji hana tabia ya fisi. Hurudi kila Jumatatu na daftari lake, na kati ya Jumatatu moja na nyingine mdaiwa hulala akihesabu marejesho. Tezi hizo haziwezi kutofautisha mnyama na daftari, kwa hiyo huendelea kumwaga dawa ile ile wiki baada ya wiki, hata ulinzi ukageuka kuwa mzigo. Shinikizo la damu hupanda na kuchelewa kushuka, usingizi hukatika, sukari huzidi katika damu, kinga ya mwili hulegea. Mwaka 1936 mwanasayansi Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alieleza jinsi panya waliotiwa katika mateso ya namna mbalimbali walivyoonyesha dalili zile zile: tezi za juu ya figo zilivimba, viungo vya kinga vilinywea, na matumbo yao yalifanya vidonda.

Hapa inafaa kutahadharisha. Wapo watu ambao kila maumivu ya tumbo huyaita "mawazo", wakanywa vidonge vya maumivu na kuendelea na kazi. Imethibitika kwamba vidonda vingi vya tumbo kwa binadamu husababishwa na bakteria, na waliogundua hivyo, Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vidonge vyenyewe vya maumivu ni sababu nyingine ya vidonda hivyo. Wasiwasi unaweza kuzidisha maumivu, lakini mwenye kidonda aende kwa daktari.

Kuhusu moyo na mishipa ya damu ushahidi ni mzito zaidi, na mwingine umetoka karibu. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kuwa muda mfupi tu baada ya kufika mjini shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu kuliko la waliobaki. Chumvi na mabadiliko ya chakula vilichangia. Lakini hata mapigo ya mioyo yao yalikuwa ya haraka zaidi, jambo lililowafanya watafiti washuku kwamba mishipa ya fahamu nayo ilikuwa imeamshwa. Mgogo au Mrangi anayeshuka kwenye basi leo akitafuta chumba cha kupanga anaingia katika njia hiyo hiyo.

Ushahidi mwingine umetoka Uingereza. Kuanzia mwaka 1967 maelfu ya wafanyakazi wa Serikali mjini London walipimwa na kufuatiliwa kwa miaka mingi. Wengi wangebashiri kwamba mkurugenzi, mwenye majukumu mazito, ndiye atakayekufa kwa moyo. Ikawa kinyume. Matarishi na wenzao wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya wakubwa wa juu, na tofauti za sigara, uzito na shinikizo la damu hazikutosha kueleza pengo hilo. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kilichowadhuru, pamoja na mengine, ni kufanya kazi bila kuwa na sauti juu ya kazi hiyo.

Tanzania ina sababu ya kulisikiliza hilo kwa makini kuliko nchi nyingine. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na ukandamizaji. Wakati ule watu waliusoma kama waraka wa siasa tu. Kumbe ulikuwa pia waraka wa afya. Mtumishi anayemwambia mama mjane "njoo kesho" mara sita kwa saini moja, msimamizi anayechelewesha ujira wa wachukuzi huku akijua kwamba wanadaiwa, na mwenye ofisi anayesema na wananchi kwa kufoka, wote hao wanapandisha damu za watu. Kama wangemwaga maji machafu katika kisima cha mtaa, wangeshitakiwa. Na wakopeshaji wanaofanya kazi bila leseni, kinyume cha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, hawastahili kuonewa haya.

Hata hivyo mwananchi asikae akingoja viongozi wajirekebishe. Zipo hatua zilizo mikononi mwake. Kupumua polepole kwa dakika chache, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, hupunguza kasi ya moyo. Kupunguza chumvi na pombe husaidia, na kulala saa za kutosha husaidia zaidi. Karani anayekaa kitini mchana kutwa atembee. Mchukuzi wa magunia akiambiwa afanye mazoezi atacheka, na ana haki ya kucheka. Yeye anahitaji mapumziko, maji ya kunywa na siku ya kupumzika. Wote wapimwe shinikizo la damu, kwa maana aghalabu halina dalili mpaka siku ya kiharusi.

Lililo gumu zaidi ni kusema. Dodoma ndipo ilipo Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, nayo kwa miaka mingi imewatibu Watanzania wa kila pembe. Lakini jina lake limefanywa mzaha, na mtu akisema moyo umemwelemea huambiwa ataishia Mirembe. Basi hunyamaza. Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye dhiki, kisha kusaidiana nao kutafuta ufumbuzi wa tatizo moja moja. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa waliokaa kwenye mabenchi hayo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Chama hakihitaji kuunda chombo kipya kwa kazi hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima kwa mamilioni katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza juu ya malaria, kichocho na safura, kisha wakachimba vyoo. Mabalozi wa mashina wapo Kizota hadi leo, na wanajua ni nyumba gani taa haizimwi usiku. Wauguzi wa Jiji wawafundishe kusikiliza bila kutangaza siri na kumtambua anayehitaji daktari. Mkutano wa shina uanze kwa kupima shinikizo la damu la kila aliyehudhuria, balozi mwenyewe akitangulia, na usifanyike siku ya marejesho.