Mti Mzee na Uyoga Wake

Mvua za Septemba zilipokwisha kuanza, tuliwatembeza watoto wa katekisimu mwituni, nje ya mji wa Kasongo. Nilikuwa nimetayarisha somo, kama mwalimu apasavyo. Lakini waliofundisha siku ile ni akina mama wawili waliotusindikiza na vikapu vyao. Palipoungua kiangazi, maua madogo yalikuwa yamekwisha kuchipua. Penye kichuguu mama mmoja alipiga magoti, akatuonyesha uyoga mkubwa mweupe, akaeleza kwamba mchwa ndio wanaoulima chini ya ardhi. Ni kweli: huulisha majani na vijiti vikavu, nao huwalainishia chakula hicho. Kwenye magome tuliona likeni, yale madoa ya kijivu ambayo wengi huyadhani ni ugonjwa wa mti. Kumbe ni kuvu na mwani walioungana kuishi pamoja, wala hawaunyonyi mti.

Kisha tukafika mahali palipokatwa miti kwa ajili ya makala. "Hapa tulikuwa tukijaza vikapu," akasema mama yule, akapita.

Uyoga mwingi wa mwituni hauishi peke yake. Nyuzi zake hushikamana na mizizi ya mti hai: huuletea maji na madini, nao mti huupa sukari. Mti ukikatwa, uyoga huo nao hukoma.

Kwa hiyo nasema neno ambalo huenda lisiwapendeze baadhi yetu. Kuanzia tarehe 1 Septemba hadi sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, tarehe 4 Oktoba, tunaadhimisha Majira ya Uumbaji. Tunapanda mikaratusi, tunapigwa picha, tunarudi nyumbani tumeridhika. Mikaratusi ina faida yake, lakini haiturudishii uyoga wa miti yetu. Katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alitaja hata kuvu na wadudu miongoni mwa viumbe ambavyo mazingira hayaendi vema bila hivyo.

Napendekeza mwaka huu kila jumuiya ichague miti mizee michache iliyobaki karibu nayo, ipatane na chifu, na kuilinda. Najua mchoma makala naye ana watoto wa kulipia masomo. Basi tuzungumze naye kwanza, kabla ya kuchimba shimo la mche wowote. Na akina mama wale waalikwe tena, kwa maana uyoga wenye sumu hufanana na wa kuliwa, na vijana wetu wengi hawajui tena kuutofautisha. Wao wamekwisha kukubali. Wanangoja sisi tupange siku.