Chombo cha Muziki kwa Mkimbiaji

Askari wengi na jamaa zao hukimbia alfajiri, na muziki huwasaidia kushika mwendo. Walkman ya kaseti, iliyotolewa na Sony mwaka 1979, ilikaribia gramu 400. Siku hizi vipo vyombo visivyofikia gramu 50. Chagua chenye kibanio cha nguoni, kisichoharibiwa na jasho, na chenye vitufe vinavyobonyezwa bila kutazamwa.

Hata hivyo, lililo kuu ni masikio yako. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi asilimia 60 ya nguvu ya chombo. Barabarani acha sikio moja wazi, ukimbie ukitazamana na magari. Wimbo uliokupita utaurudia kesho. Honi usiyoisikia hairudiwi.