Uyoga Haufunzwi Darasani

Kila tunapotaka kueleza jambo lililoenea kwa ghafla, sisi wapenzi wa Kiswahili nchini Kenya hukimbilia tashbihi moja: limechipuka kama uyoga. Vioski vimechipuka kama uyoga, vyuo vimechipuka kama uyoga, hata vyama vya kisiasa huchipuka kama uyoga kila uchaguzi unapokaribia. Tashbihi hii ni ya kweli, kwani uyoga hutokeza kwa muda mfupi baada ya mvua. Lakini, ndugu msomaji, ni wangapi miongoni mwetu sisi tuitumiao wanaoweza kuingia msituni, wakainama, wakaokota uyoga na kusema kwa yakini kwamba huu ni chakula na ule ni mauti?

Hoja ya makala haya ni kwamba ujuzi wa kuokota uyoga wa mwituni hauwezi kurithishwa kwa kitabu peke yake. Unahitaji warsha za vitendo, ambapo mwanafunzi hushika, hunusa na kulinganisha akiwa ubavuni mwa mjuzi. Aidha, nashikilia kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna nafasi yetu katika warsha hizo, wala si wanafunzi wa sayansi peke yao.

Hapo kale warsha hizo zilikuwapo, ijapokuwa hazikuitwa kwa jina hilo. Katika jamii nyingi za magharibi ya Kenya, kwa mfano zile zinazokaa kandokando ya msitu wa Kakamega, kuokota uyoga kulikuwa aghalabu kazi ya akina mama na watoto. Mtoto alimfuata nyanya yake, akaoneshwa pa kutazama, akakatazwa kugusa aina fulani, akarudi mwaka uliofuata na kukumbushwa. Hapakuwa na mtihani wala cheti, lakini palikuwa na marudio. Leo mvua za masika huwakuta watoto wengi shuleni au mjini, nyanya amebaki kijijini, na msitu wenyewe umepungua. Mnyororo umekatika katikati. Tatizo ni kwamba hamu ya kula uyoga haikukatika pamoja nao, na hamu isiyo na ujuzi ni hatari.

Tuchukue mfano wa uyoga unaoota kwenye vichuguu. Wanasayansi huuita Termitomyces, jina lililotolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Mchwa fulani hubeba majani na vipande vya miti hadi chini ya ardhi, wakajenga humo vitalu na kukuza kuvu ambayo huwa chakula chao. Kilimo hicho kinakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 30 hivi, kabla binadamu hajashika jembe. Mvua inyeshapo, kuvu hiyo huchomoza uyoga wenye ncha ngumu katikati ya kofia, na mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye kiota cha mchwa. Huko Zambia na nchi jirani kuna aina yake moja ambayo kofia yake huweza kufikia upana wa mita moja. Ni chakula kitamu, na mkulima hawezi kuukuza bandani kama ule unaouzwa madukani, kwa sababu mshirika wake ni mchwa. Anayeutaka hana budi kuufuata ulipo.

Sasa tuutazame upande wa pili. Kuna uyoga uitwao Chlorophyllum molybdites, unaopenda nyasi za bustani na viwanja katika nchi za joto. Ni mkubwa, mweupe na wa kuvutia, na anayeutazama juujuu huufananisha na aina zinazolika. Aulaye huanza kutapika na kuharisha saa chache baadaye. Mbaya zaidi ni Amanita phalloides, uliofika Afrika Kusini pamoja na miti iliyotoka Ulaya. Sumu yake haiondolewi kwa kuchemshwa wala kwa kukaushwa. Saa 6 hadi 24 huweza kupita kabla mlaji hajahisi lolote. Kisha hutapika na kuharisha, halafu hupata nafuu ya uongo, na ilhali jamaa zake wanashukuru Mungu, ini lake linaendelea kuharibika. Asubiriye dalili ndipo aende hospitalini huenda akawa amechelewa.

Kuna watakaosema kwamba picha za vitabuni au za simu zinatosha. Sikubaliani nao. Picha huonesha kofia, lakini siri ya uyoga mara nyingi iko kwenye shina, tena chini ya udongo. Jamii ya Amanita, kwa mfano, aghalabu huwa na kifuko mfano wa kikombe kwenye kitako cha shina. Anayeuvunja uyoga juu badala ya kuuchimbua mzima huacha ushahidi ardhini. Vivyo hivyo, rangi ya mbegu zake zilizo kama vumbi haijulikani kwa kutazama. Mwanafunzi hukata kofia, akailaza juu ya karatasi, akaifunika kwa bakuli na kuiacha usiku kucha. Asubuhi hukuta alama: uyoga wa kichuguu huacha waridi, Amanita huacha nyeupe, na yule laghai wa bustanini huacha kijani. Mambo haya huingia akilini kwa kutendwa. Fauka ya hayo, kuna harufu, na kuna namna nyama ya uyoga ibadilikavyo rangi inapokatwa. Picha gani itanusika?

Warsha pia ndiyo mahali pa kuziua imani potofu. Wapo wanaoamini kwamba uyoga ulioliwa na wadudu au wanyama ni salama kwa binadamu, na kwamba sumu yoyote huishia jikoni. Imani hizi zinaua, kwani tumbo la konokono si tumbo la mtu. Amri ya kwanza ya warsha iwe hii: kisichotambuliwa kwa yakini hakiliwi, hata kiwe kizuri namna gani.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini tusiwakataze watu kabisa, wakanunua uyoga wa kufugwa? Jibu langu ni kwamba makatazo hayajawahi kuizuia njaa wala hamu. Wengine wamechagua kufunza. Ufini ilianza mwaka 1969 kuwaandaa washauri wa uyoga ambao nao huwafunza waokotaji. Nchini Ufaransa wafamasia husomea uyoga, na mwokotaji huweza kupeleka kikapu chake kwenye duka la dawa kikakaguliwe. Nchi hizo zina uyoga wenye sumu kama sisi, ila ziliona afadhali mwananchi ajue.

Nirejelee sasa lugha, kwani ndipo hoja inapotugusa sisi. Kiswahili chetu cha kila siku kinatosheka na neno moja: uyoga. Lugha za jamii zetu hazikutosheka hivyo. Waluhya wana neno la jumla, obwoba, na chini yake yapo majina ya kila aina, kwa msimu, mahali na umbo. Mwaka 2003, Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walichapisha huko Helsinki kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania, wakaorodhesha pia majina yatumiwayo na wenyeji. Ni kazi ya kupongezwa. Hata hivyo, imeandikwa kwa Kiingereza, na bibi aliyetoa jina huko Iringa hawezi kuisoma. Majina haya ni maonyo na mapendekezo yaliyopimwa kwa vizazi. Jina linapopotea, tofauti kati ya chakula na sumu hupotea nalo, na vyote viwili hubaki vikiitwa uyoga.

Kwa hiyo napendekeza jambo lililo ndani ya uwezo wetu. Kila masika, chama cha Kiswahili kishirikiane na wenzetu wa botania, tuende kwa vikundi vidogo kwa akina nyanya ambao bado wanajua. Wao wawe walimu, walipwe heshima na nauli. Mwanasayansi athibitishe aina. Nasi tuandike majina, maelezo na methali kwa Kiswahili fasaha, kisha tuwarudishie wenyewe nakala. Tubebe vikapu, tuache vichuguu bila kuvibomoa, na tusile chochote kabla mjuzi na mtaalamu hawajakubaliana.

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na mvua haitusubiri. Tusipoenda kwao sasa, uyoga utaendelea kuchipuka, na sisi tutabaki na tashbihi.