Sheria inayolala siku ya mtihani

Najua wengi mmezoea kunikuta hapa nikilalamikia foleni ya kantini au desa lililopotea kabla ya test, lakini leo mniwie radhi, naingia kwenye barafu. Nataka kuongelea hoki, ile ya Marekani na Canada, ligi ya NHL. Msikimbie jamani! Ni habari ya pesa na sheria, na mtu yeyote aliyewahi kuishi kwa boom ataielewa haraka kuliko anavyodhani.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Ligi ile ilitenda haki mwaka 2025 ilipokubali kuziba tundu la kikomo cha mishahara kwenye hatua ya mtoano. Kosa lake ni kuchelewa miaka kumi.

Tuanze na msingi. NHL ina timu 32. Kule tajiri haruhusiwi kumwaga pesa anavyojisikia. Kila msimu ligi inatangaza kikomo, yaani jumla ya mishahara ambayo timu haitakiwi kuivuka. Msimu wa 2005-06 kilikuwa dola milioni 39. Msimu wa 2024-25 kilifika milioni 88, na wa 2025-26 kikapanda hadi milioni 95.5. Chini nako kuna sakafu, milioni 70.6 kwa msimu huo wa 2025-26, ili bahili naye asijifiche. Hebu fikirieni Simba na Yanga wakiambiwa wote watumie ndani ya bajeti moja na timu ya mkoani. Zingepigwa kelele hizo!

Na kikomo hiki hakikudondoka toka mbinguni. Wamiliki waliwafungia wachezaji milango, na tarehe 16 Februari 2005 kamishna Gary Bettman akatangaza kuufuta msimu mzima wa 2004-05. Hakuna mechi, hakuna kombe. Wachezaji waliporudi kazini walikubali kikomo, na mikataba waliyokuwa nayo ikakatwa asilimia 24. Ishikeni hiyo namba, nitairudia.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe ya vituko. Kila msimu kuna siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 7 Machi, saa tisa alasiri ya New York, ambayo kwetu ni saa tano usiku. Si kama dirisha la usajili la soka ambako unalipa ada ya uhamisho. Kule unatoa mchezaji unapata mchezaji, au unatoa haki yako ya kuchagua chipukizi wa miaka ijayo. Siku hiyo Brad Marchand, nahodha wa Boston aliyekuwa kwenye msimu wake wa 16 na timu ileile, aliyewapa kombe la 2011, akahamishiwa Florida. Asubuhi wewe ni nahodha, jioni ni mpinzani.

Wakubwa wa timu wana hesabu zao siku hizo, na nyingine nazipenda kwa kweli. Ya kwanza ni kwamba kikomo huhesabiwa kwa siku. Timu iliyoacha nafasi ya dola milioni 1 tangu mwanzo wa msimu, ikifika Machi ambapo imebaki kama moja ya tano ya siku zote, inaweza kumchukua mchezaji wa mshahara wa karibu milioni 5 kwa mwaka. Inamhesabia kile kipande cha mwisho tu. Ni sawa na yule mwenzetu anayekula wali maharage tangu boom liingie, halafu wiki ya mwisho anaagiza kuku mzima huku sisi tunamtumbulia macho. Huyo hajaiba. Ana nidhamu.

Ya pili ina ujanja zaidi. Timu inayomtoa mchezaji inaruhusiwa kubaki na sehemu ya mshahara wake, mpaka nusu. Basi wakaanza kutumia timu ya tatu kama dalali. Februari 2023 Ryan O'Reilly, mwenye mshahara wa milioni 7.5, alitoka St. Louis kwenda Toronto. St. Louis wakabaki na nusu ya mzigo, Minnesota wakapita katikati wakachukua nusu ya kilichobaki, Toronto wakahesabiwa milioni 1.875 tu. Malipo ya Minnesota yalikuwa haki ya kuchagua chipukizi. Mkataba mpya umeweka siku 75 za msimu kati ya ukataji wa kwanza na wa pili, kwa hiyo udalali wa siku moja kwaheri.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike.

Mchezaji akiumia kwa muda mrefu, timu iliruhusiwa kuvuka kikomo kwa kiasi cha mshahara wake ili imtafute mbadala. Huruma nzuri tu, maana si kosa la timu mtu kuvunjika. Lakini kikomo chenyewe kilikuwa kinahesabiwa kwenye msimu wa kawaida peke yake, zile mechi 82. Mtoano ukianza, kinalala. Kwa hiyo nyota akipona siku ya kwanza ya mtoano, timu inabaki na nyota pamoja na wale walioletwa kwa nafasi yake. Mayai yote, na kuku pia.

Angalieni mfululizo huu kwa makini. Mwaka 2015 Patrick Kane wa Chicago alivunjika mfupa wa bega Februari, timu ikaongeza watu, yeye akarudi mechi ya kwanza ya mtoano, Chicago wakabeba kombe. Waliofungwa fainali ni nani? Tampa Bay. Msimu wa 2020-21 Tampa wakamkosa Nikita Kucherov msimu wa kawaida wote kwa upasuaji wa nyonga, akarudi mechi ya kwanza ya mtoano, akaongoza wote kwa pointi 32, kombe likaja. Kikosi kilikuwa kama dola milioni 18 juu ya kikomo, na kwenye sherehe Kucherov akavaa fulana yenye kulitangaza hilo waziwazi! Mwaka 2023 ikawa zamu ya Vegas na nahodha wao Mark Stone: mgongo, upasuaji, akarudi mechi ya kwanza ya mtoano, kisha akafunga mabao matatu katika mechi iliyoleta kombe. Waliofungwa ni Florida. Na mwaka 2025 Florida hao hao wakamweka Matthew Tkachuk kwenye orodha ya majeruhi, wakamchukua Seth Jones na yule Marchand, Tkachuk akarudi mechi ya kwanza ya mtoano, kombe likabaki Florida.

Mmeona? Aliyepigwa alirudi nyumbani akajifunza fimbo aliyopigiwa. Sisi wa kitivo cha elimu tunafundishwa kitu kinaitwa mtaala uliofichika: yale mtoto anayojifunza shuleni bila mtu kuyaandika kwenye silabasi. Sheria ya NHL iliandika usawa. Ikafundisha kwamba usawa ni wa Oktoba hadi Aprili. Na Tampa na Florida walikuwa wanafunzi wazuri sana.

Mwenzangu wa chumbani, ambaye kwake hoki ni ile ya majani tu, ananibishia kwa hoja mbili. Ya kwanza: majeraha yalikuwa ya kweli. Nakubali. Hakuna anayejifanyisha upasuaji wa nyonga, na ligi yenyewe haikuona kosa kwa Tampa. Lakini ndiyo maana nasema tatizo ni la sheria. Tukiacha tundu halafu tukategemea kila meneja awe mtakatifu, tumeacha kazi yetu tukamkabidhi yeye dhamiri yake, na yeye kaajiriwa kushinda. Timu ya Carolina iliyotolewa na Tampa mwaka 2021 ilikaa ndani ya mstari uleule ambao mpinzani wake hakuhitaji kuuona. Mchezaji wao Dougie Hamilton alilisema hilo wazi baada ya kutolewa. Watu wakamwona mlalamishi. Mimi nilimwona mtu anayejua hesabu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kikomo ni silaha ya matajiri kubana mishahara ya wachezaji, kwa nini mtoto wa mkulima akitetee? Hapa ndipo narudi kwenye asilimia 24. Wachezaji walilipia kikomo hiki kwa msimu mzima wa maisha yao, na mchezaji wa hoki hana misimu mingi. Wakakatwa karibu robo ya mikataba yao. Waliambiwa ni kwa ajili ya timu zote kuwa na nafasi. Basi kama mfanyakazi keshalipa bei hiyo, tajiri naye akae ndani ya mstari siku ambayo ina maana. Sheria inayombana mchezaji msimu mzima halafu inamwachia mwenye timu kwenye fainali, hiyo ni ya upande mmoja.

Ndiyo maana mabadiliko yaliyokubaliwa mwaka 2025 na kuanza kutumika msimu wa 2025-26 nayaunga mkono mikono miwili. Sasa wachezaji 20 wanaoingia kila mechi ya mtoano lazima mishahara yao ikae ndani ya kikomo. Majeruhi anayetarajiwa kurudi msimu huohuo, nafasi anayoiacha haizidi wastani wa mshahara wa ligi wa msimu uliotangulia. Nyota anaruhusiwa kupona, akaribishwe kwa makofi. Ila akirudi, kocha achague nani akae jukwaani. Hilo ndilo lililokuwa limekosekana: kuchagua. Kikomo chochote, kiwe cha dola milioni 95 au cha boom letu la kuhesabu, kazi yake ni kukulazimisha uchague.

Nawaza mwakani nitakapokuwa mbele ya darasa la watoto sitini. Nikikataza kuangaliziana kwenye mazoezi yote halafu siku ya mtihani nikatoka nje kupiga stori, hakuna hotuba ya maadili itakayonisaidia. Watakuwa wameshanielewa. Na wale wachache waliokaa macho kwenye karatasi zao, wakapata 48 huku jirani kapata 80, hao ndio nitakaokuwa nimewadhulumu, na hakuna atakayewarudishia. Kama ambavyo hakuna atakayewarudishia Carolina mwaka 2021.

Anayepinga aje kijiweni tubishane. Chai juu yangu, ila boom likiingia.