Tusiseme Tu Kwamba Ndivyo Alivyo

Mtoto mwenye usonji aliyekuwa mtulivu aanzapo ghafla kujipiga kichwa, kukataa chakula au kukesha usiku kucha, mara nyingi wakubwa wake husema, "Ndivyo alivyo." Neno hilo husemwa nyumbani, husemwa shuleni, na kwa bahati mbaya husemwa hata na baadhi ya waganga. Nalo huwadhuru sana watoto hawa, kwani hufunga mlango wa uchunguzi kabla haujaanza.

Usonji si wendawazimu, wala si laana, wala si tunda la malezi mabaya. Ni hali ya ukuaji wa ubongo, ambayo daktari Leo Kanner aliieleza mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11 huko Baltimore, Marekani. Wala si jambo la ugenini: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba hali hii imo miongoni mwa watoto wa hapa kwetu Uganda.

Lakini usonji haumkingi mtoto na maradhi mengine. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 112 wenye usonji, wa umri wa miaka 10 hadi 14. Watoto 7 katika kila 10 walikutwa pia na tatizo jingine la akili au tabia, na hofu ya kuwa mbele ya watu ilikuwa miongoni mwa yaliyoonekana zaidi. Hofu hutibika. Huzuni hutibika. Lakini hakitibiwi kisichotafutwa.

Basi mtoto na apimwe kwa utaratibu. Kwanza, uchunguzwe mwili wake: meno, masikio, tumbo, usingizi, na dalili za kifafa. Asiyeweza kusema kwamba jino linamwuma huenda akasema kwa kujiuma mkono. Pili, alinganishwe na jana yake mwenyewe, si na mtoto wa jirani. Mzazi na mwalimu waandike daftarini tabia ilianza lini, nini huitangulia na nini huifuata. Tatu, maswali yaliyotungwa kwa ajili ya watoto wengine yatumiwe kwa hadhari, maana asiyetazama watu usoni si lazima awe na huzuni, na anayecheka si lazima awe na furaha. Nne, mtoto mwenyewe aulizwe, kwa maneno, kwa picha au kwa maandishi, kadiri awezavyo.

Kumpa dawa ya kumlegeza kabla ya kujua kinachomsumbua ni kumnyamazisha, si kumtibu. Kumfungia chumbani ni vibaya zaidi.

Wataalamu wa akili za watoto ni wachache nchini, na wengi wao wako Kampala. Kwa hiyo yafaa Wizara ya Afya iwafundishe wauguzi wa vituo vya vijijini hatua hizi za mwanzo, nayo Wizara ya Elimu iwafundishe walimu, ili anayehitaji daktari bingwa atambuliwe mapema na kupelekwa.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto huyu ndiye alalaye juu ya kitanda hicho. Wajibu wetu ni kuacha kumsemea, tukainua godoro na kutazama.