Kashata kwa Kahawa Chungu



Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya vitu vitamu: kashata, visheti, kaimati, vitumbua, mkate wa kumimina, ndizi mbivu za nazi na jamaa zao wote. Wengine watadhani kwamba wauguzi wakianza habari hii ni lazima waishie kwenye kukataza. La hasha. Maoni yetu ni kwamba familia zetu zimeanza kusahau kupika vitamu vya nyumbani, na papo hapo zinakula sukari nyingi kuliko walivyokula wazee wetu, tena bila hata kuisikia ulimini. Tunaomba vitamu vya nyumbani virudi mezani, na sukari ya ovyo itoke.

WAZEE WETU WALIVYOFANYA

Aliyekaa Tanga, Bagamoyo, Kilwa au Lamu anaijua baraza ya kahawa. Muuza kahawa ana dele lake juu ya makaa na vikombe vidogo visivyo na mkono. Kahawa ni chungu, haitiwi sukari. Pembeni kuna kashata za karanga au za nazi. Mnywaji humega kipande, hutafuna taratibu, kisha hushushia na kahawa. Utamu uko mkononi, uchungu uko kikombeni, na kipande kimoja huweza kumaliza vikombe viwili au vitatu pamoja na mazungumzo yake.

Tazameni hekima iliyomo. Utamu umewekwa mahali pamoja, nao unaonekana. Mtu anajua kwamba sasa anakula kitu kitamu, na kikiisha kimeisha.

Vitamu vingine vilikuwa na siku zake. Kaimati zenye shira zilingoja jioni za mfungo wa Ramadhani. Visheti vilikuwa vya Idi na vya harusi. Sisi Wakristo tuliamka alfajiri ya Krismasi na ya Pasaka kwa harufu ya vitumbua na maandazi, na sahani zilivuka ua kwenda kwa jirani Mwislamu, naye akirudisha siku ya Idi. Bara nako utamu ulifuata msimu: asali ikirinwa, miwa ikikomaa, maboga na viazi vitamu vikitoka shambani.

Na kulikuwa na kazi. Mkate wa kumimina si mchezo: mchele hulowekwa usiku kucha, husagwa na tui zito, hutiwa hamira, sukari na hiliki, huachwa uumuke, kisha huokwa kwa makaa chini ya sufuria na makaa juu ya mfuniko. Anayeijua kazi hiyo haupiki kila siku. Ile kazi yenyewe ilikuwa kipimo.

SUKARI ILIVYOINGIA KILA MAHALI

Tuliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunaikumbuka sukari ya foleni na ya mgao. Mgeni akitiliwa vijiko vitatu katika chai alijua kuwa ameheshimiwa. Uhaba ule ulipita, lakini heshima ile imebaki ndani ya kijiko. Leo wengi wetu hatuwezi kunywa chai ya vijiko viwili bila kuona kwamba tumepunjwa.

Kisha vimekuja vingine. Sukari ipo katika uji wa mtoto, katika maandazi ya asubuhi, katika biskuti, katika juisi ya pakiti, katika mtindi wa kopo, katika ubuyu wa rangi unaouzwa mlangoni mwa shule, na zaidi ya vyote katika soda. Hakuna anayesema "leo nimekula kitu kitamu" kwa sababu ya vitu hivyo. Vimekuwa maji ya kunywa na chakula cha kila siku. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujaa ndani ya mwili.

Tufanye hesabu kidogo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo mtu anapata katika chakula chake. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50 kwa siku, yaani vijiko vya chai 12. Shirika hilo likaongeza kwamba kupunguza hadi nusu yake, vijiko 6 hivi, kuna faida zaidi. Mtoto anahitaji chini ya hapo.

Sasa hesabuni: chai ya asubuhi vijiko 3, chai ya jioni vijiko 3. Tayari ni 6. Ongeza chupa moja ya soda ya mililita 350, ambayo kwa kawaida ina sukari ya vijiko kama 9. Jumla ni 15, na bado hatujagusa andazi wala kashata.

Kuna njia rahisi ya kujipima nyumbani. Siku mnapofungua pakiti ya kilo moja ya sukari, andikeni tarehe juu yake. Familia ya watu 6 ikimaliza kilo hiyo kwa siku 3, kila mmoja anakula gramu 55 kwa siku, na hapo soda na biskuti hazijahesabiwa. Kilo hiyo ikifika siku 6 au 7, mko pazuri. Jaribuni mwezi huu. Karatasi na kalamu havina gharama.

KWA NINI HATUSEMI "ACHENI KABISA"

Wapo watakaouliza: kama sukari ina madhara hivyo, si afadhali kuipiga marufuku? Tunayo majibu mawili.

Kwanza, marufuku huzaa siri. Mtoto aliyekatazwa kila kitu hununua pipi mlangoni mwa shule. Bibi mwenye ugonjwa wa kisukari, ambaye siku ya sikukuu huwekwa pembeni na bakuli la mboga huku wajukuu wakila mbele yake, huamka usiku akafungue kabati. Wauguzi wa kliniki za kisukari wanayajua mambo haya. Sukari imepanda, mgonjwa anaapa kwamba hakula kitu, na mkwe anatazama chini. Aliye mezani na wenzake anaweza kupimiwa; aliyejificha hapimiwi na mtu.

Pili, tuwe wakweli juu ya ugonjwa wenyewe. Kisukari kile cha watu wazima hakiletwi na kashata moja. Uzito uliozidi, hasa tumbo, kukaa bila kazi ya mwili, na kurithi katika ukoo vina sehemu kubwa. Vinywaji vitamu vya kila siku huchangia kwa kuongeza uzito huo. Meno nayo huharibiwa zaidi na utamu unaorudiwa mara nyingi kwa siku kuliko ule unaoliwa mara moja na kwisha. Mtoto anayefyonza pipi na kunywa juisi kutwa nzima ana hatari kuliko yule aliyekula kipande cha kashata baada ya mlo, akanywa maji, na usiku akapiga mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi.

FAIDA YA KUPIKA WENYEWE

Kitamu cha nyumbani kina mambo matatu ambayo cha dukani hakina. Mpishi anajua alichotia na kwa kiasi gani. Ndani yake kuna chakula: karanga, nazi, ndizi, boga, mchele. Na kinawakusanya watu, kwa kuwa mmoja anakuna nazi, mwingine anamenya, na wavulana pia wakae kwenye mbuzi, maana nazi haiulizi jinsia ya mkunaji.

Tunawapa mifano miwili.

Kashata za karanga. Chukueni vikombe 2 vya karanga zilizokaangwa na kupepetwa maganda, kikombe 1 cha sukari, robo kikombe cha maji na hiliki kidogo iliyotwangwa. Chemsheni sukari na maji mpaka shira iwe nzito na rangi igeuke kahawia hafifu. Tieni hiliki na karanga, koroga upesi, mimina juu ya sinia lililopakwa mafuta, sawazisha, na kata ingali moto. Kikombe cha sukari ni kama gramu 200. Mkikata vipande 25, kila kipande kina gramu 8, yaani vijiko viwili. Kipande kimoja kwa kahawa chungu au chai isiyo na sukari ni vijiko viwili tu, wakati soda moja ni tisa.

Ndizi mbivu za nazi. Menyeni ndizi 6 za kupika zilizoiva, kama mzuzu, mzikate vipande. Zipikeni kwa tui la pili mpaka zilainike, tia hiliki na chumvi chembe, kisha tui la kwanza, mkikoroga polepole lisikatike. Sukari haihitajiki, kwani ndizi iliyoiva vizuri inajitosheleza. Boga hupikwa vivyo hivyo. Tui lina mafuta mengi, kwa hiyo bakuli dogo latosha.

Na tahadhari chache. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu msizipike, wala msiwape kuku. Zinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiishi kwa kukaangwa. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Shira inayochemka huunguza kuliko maji, hivyo watoto wadogo wakae mbali na jiko. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta, na apelekwe hospitali. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Na mtoto wa chini ya miaka miwili hana haja ya kuongezewa sukari yoyote. Utamu wa ndizi na papai wamtosha.

MWENYE KISUKARI KATIKA SIKUKUU

Mgonjwa akae mezani na wenzake. Ale kwanza mlo wake wa mboga, maharage au samaki na kiasi chake cha wanga, kisha aonje kipande kidogo cha kitamu, na apunguze wali au ugali kwa ajili yake. Kinywaji chake kiwe maji. Akumbuke kwamba ndizi mbivu na asali pia hupandisha sukari. Dawa zake asiziache, wala asiongeze kipimo kwa akili yake ili "kufidia" sherehe. Kila mgonjwa ana hali yake, kwa hiyo swali hili alipeleke kliniki kabla ya sikukuu kufika.

Familia pia ijue kwamba kuna saa ambapo sukari ni dawa. Mgonjwa anayetumia sindano au vidonge akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akichanganyikiwa, huenda sukari yake imeshuka mno. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpeni mara moja vijiko 3 au 4 vya sukari katika maji, kisha ale chakula. Kama hana fahamu, msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali.

Na yeyote mwenye kiu isiyokwisha, anayekojoa mara kwa mara, anayekonda bila sababu, mwenye ganzi miguuni au kidonda kisichopona, aje kupimwa. Kipimo cha damu ni tone moja la kidoleni.

TUANZE WAPI?

Tuanze na chai. Punguzeni nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea, na baada ya miezi michache chai ya zamani itawashinda wenyewe kwa utamu. Soda iondoke katika mlo wa kila siku, na mgeni akaribishwe kwa maji safi, tunda na maneno mema. Kwaresima ikifika, familia nzima inaweza kuacha sukari ya chai, na fedha iliyookolewa ikaenda kwa maskini wa jumuiya. Hapo mfungo unakuwa sala, sadaka na kinga kwa pamoja.

Halafu Pasaka ikifika, pikeni! Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8, watu walipolia kwa kusikia Sheria ya Mungu, waliambiwa wasihuzunike siku ile takatifu, bali waende wakale vinono, wakanywe vitamu, na wawapelekee fungu wale wasioandaliwa kitu. Basi mnapokata kashata za sikukuu, hesabuni kipande cha jirani na cha mjane wa jumuiya yenu. Kitamu kilichogawanywa hakimdhuru mtu kwa wingi wake.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Tuache kuchovya kila saa, tukae mezani pamoja kwa siku zake, tule kidogo, tufurahi, tumshukuru Mungu. Tukutane toleo lijalo. Kinga ni bora kuliko tiba.